Uzuri wa Mkakasi: Kabla ya Kushua Boti Kuukuu

Ukitaja faiba Umoja au Donholm, hapa Nairobi, siku hizi, jirani atakuuliza unalipa ngapi kwa mwezi na kama hukatika mvua ikinyesha. Atadhani unazungumzia intaneti. Sisi wa gereji za Kariobangi Light Industries tulikuwa na faiba yetu kabla ya hiyo: mkeka wa nyuzi za kioo unaoloweshwa rezini, ukikauka unakuwa gamba gumu lisiloshika kutu. Ndiyo tunayoundia bampa na spoila za matatu. Na ndiyo iliyoundiwa boti ya kasi ya futi 16 iliyoletwa kwetu mwaka jana juu ya trela, ikapita Outering Road huku makanga wakiipigia miluzi.

Wenyewe walikuwa chama cha vijana kumi wa mtaa mmoja kando ya Kangundo Road. Waliinunua kwa bei ya kutupa kutoka kwa mtu aliyeiegesha uani miaka sita, chini ya turubai lililochanika. Walikuwa wameisugua ikang'aa. "Fundi," mweka hazina wao akaniambia, "hii ni ya kupigwa rangi tu. Krisimasi tuko Naivasha tunabeba watu."

Nikachukua bisibisi nikafungua skrubu moja ya chini, nyuma, karibu na pale mashine inaponing'inia. Maji ya rangi ya strungi yakatiririka. Skrubu yenyewe ikatoka na unga mweusi kama ugoro. Kijana mmoja akaunusa.

"Ni mbao?"

"Ilikuwa," nikamjibu.

Wahenga hawakuijua faiba, lakini waliacha methali inayoifaa: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Watu wengi huamini boti ya faiba ni faiba tupu. Sivyo. Gamba la milimita 5 au 6 peke yake lingepinda na kulegea likibebeshwa mashine nzito na kupigwa na mawimbi. Kwa hiyo, tangu boti hizi zienee Marekani na Ulaya baada ya Vita vya Pili vya Dunia, waundaji wamekuwa wakificha mifupa ndani yake. Ukuta wa tezi, unaobeba mashine, mara nyingi ni plaiwudi iliyovikwa faiba mbele na nyuma. Chini ya sakafu hupita maboriti marefu kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma, nayo ni mbao au foomu iliyovikwa faiba. Sakafu yenyewe ni plaiwudi. Boti za miaka ya karibuni nyingi zimeachana na mbao. Zile kuukuu tunazoletewa, nyingi bado zinazo.

Fundi wa majahazi wa Matondoni, kule Lamu, hana taabu hii. Ubao wake anauona. Ukioza anaung'oa, anatia mwingine, anakalafati, maisha yanaendelea. Boti ya faiba humlaza mgonjwa ndani ya shuka safi. Ndiyo maana kuikagua ni kazi ya kusikiliza, kunusa, kupima uzito na kuchokoa kuliko kutazama.

Swali la kwanza: ililala wapi?

Wanunuzi huuliza boti imetembea saa ngapi majini. Swali lenye faida zaidi ni hili: ilipokuwa nchi kavu, ililala wapi, na ililalaje?

Mbao huozeshwa na kuvu, na kuvu hupenda maji baridi yaliyotuama kuliko maji ya chumvi. Boti inayofanya kazi Kilifi huloweshwa na bahari kila siku, lakini ikirudi ufukweni inafuliwa maji na kukaushwa. Boti iliyosahauliwa katika uwanja wa Kayole hunyeshewa kuanzia Machi hadi Mei, ikanyeshewa tena Oktoba hadi Desemba. Maji hupenya kwenye tundu la kila skrubu iliyolegea, yakateremka hadi ngamani, sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, na majani ya miti yakaziba tundu la kutolea maji. Humo yanakaa mwaka mzima, giza na joto vikiyasaidia. Kwa ufupi, boti ya chama kile iliharibiwa na maji bila kukanyaga ziwa.

Jua nalo halikulala. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, jirani ya ikweta, na miale ya jua hula gelkoti, lile tabaka la nje linalong'aa, mpaka likawa kama chaki. Pitisha kiganja: kikitoka cheupe, gelkoti imechoka. Hilo si hatari kubwa, ila linakuambia kwamba turubai halikuwa likifanya kazi, na kama jua lilipita, mvua pia ilipita.

Tazama trela ilivyowekwa. Omo ikiwa imeinuliwa na kizibo cha nyuma kimetolewa, mwenye boti alijua alichofanya. Omo ikiwa imeinama na kizibo kimekazwa, jiandae kwa habari mbaya. Tafuta pia namba ya boti: zilizotengenezwa Marekani tangu 1972 hubonyezwa herufi na tarakimu 12 upande wa kulia wa tezi, na kwa zile zilizotoka baada ya katikati ya 1984, tarakimu mbili za mwisho ndizo mwaka wa modeli. Muuzaji akikuambia ni ya 2005 na namba inaishia 88, utajua namna ya kuyapokea maneno yake mengine.

Sarafu ya shilingi 20

Chombo changu cha kwanza cha ukaguzi hakiuzwi kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road. Ni sarafu ya shilingi 20. Igonge taratibu juu ya gamba, mstari kwa mstari, kila sentimita 10, kuanzia omo kuja nyuma. Faiba iliyoshikamana vizuri hujibu kwa sauti kali na fupi: ti, ti, ti. Ukifika mahali ambapo matabaka yameachana, au mbao ya ndani imelowa, sauti hufifia ghafla: du. Chora duara kwa chaki hapo, endelea. Ukimaliza, simama mbali kidogo uyatazame maduara. Mawili matatu yaliyotawanyika ni kazi ya kawaida. Yakijikusanya kwenye mstari wa boriti au kuzunguka tezi, mifupa inaumwa.

Kazi hii hudai utulivu, na Kariobangi si mahali pa utulivu. Kulia wanapiga mabati, kushoto wanachomelea, na nyuma kuna matatu inajaribu spika. Mimi huifanya Jumapili alfajiri.

Baada ya masikio ni zamu ya macho. Nyufa nyembamba za gelkoti zina lugha yake. Zikitawanyika kama utando wa buibui kutoka nukta moja, kitu kilipagonga hapo. Zikienda sambamba kama mistari ya daftari, gamba limekuwa likipinda tena na tena mahali pamoja, na sababu iko chini yake: boriti imelegea au imeoza. Nyufa za pembeni mwa tezi, pale inapokutana na ubavu, ndizo zinazoninyima usingizi.

Upande wa chini unaweza kukuta malengelenge, madogo kama dengu au makubwa kama sarafu. Maji hupenya gelkoti polepole, yakachanganyika na kemikali za rezini ambazo hazikukauka sawasawa, yakawa asidi inayosukuma ngozi kutoka ndani. Vaa miwani ya kazi kabla hujalitoboa lengelenge, maana kiowevu chake huruka. Kikitoka cha kunata na harufu ya siki, umepata jibu. Malengelenge machache hayazamishi boti. Husagwa, pakakaushwa kwa wiki kadhaa, pakajazwa epoksi. Sehemu kubwa ya tumbo ikiwa imefura, rudi kwenye bei mliyoafikiana.

Tezi

Kama ningepewa dakika tano tu na boti kuukuu, zote ningezitumia kwenye tezi. Hapo ndipo mashine inaponing'inia, na hapo ndipo inaposukuma. Tezi ikivunjika katikati ya ziwa, mashine huanguka na kipande cha ukuta, na maji huingia yakiwa hayana haja ya kubisha hodi.

Kuna vipimo vitatu. Cha kwanza ni kile cha skrubu nilichokwisha kueleza: fungua moja iliyo chini, tazama kinachotoka. Cha pili, inua mashine nusu, kisha uelemee mguu wake kwa uzito wa mwili huku mwenzako akitazama ukuta kwa ndani. Ukuta mzima hukaa kimya. Uliooza hupumua: utaona mwanya ukifunguka na kufungika, au maji yakijikamua kwenye bolti. Sisi husema mashine inatikisa kichwa. Kumbuka maneno hayo, tutayarudia.

Cha tatu ni kwa asiyeridhika. Toboa tundu la milimita 5 kwa upande wa ndani, chini kabisa, bila kufika nje, ukusanye vumbi la keekee. Vumbi kavu la rangi ya maziwa ni salama. Vumbi jeusi linaloshikana ukilifinya si salama. Tundu lenyewe huzibwa kwa epoksi. Kuna wamiliki wanaokataa boti yao isitobolewe; mimi nawaambia waiuze kwa mtu mwingine.

Sakafu na mzigo usioonekana

Vua viatu utembee juu ya sakafu kwa visigino. Plaiwudi nzima ni ngumu kama saruji. Iliyooza hubonyea kama chapati. Sakafu laini hubadilishwa bila taabu kubwa, ila ni dalili. Maji yaliyoilainisha hayakuishia hapo, yaliteremka hadi kwenye maboriti na foomu.

Foomu hiyo waundaji waliijaza chini ya sakafu ili boti ikijaa maji ielee. Baada ya miaka mingi kwenye maji yaliyotuama, hunywa. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo foomu ya lita 200 ikinywa nusu ya ujazo wake, umebeba kilo 100 za ziada kila safari, sawa na abiria mmoja na nusu ambaye hakulipa nauli na hawezi kushuka. Mbaya zaidi, siku boti itakapopata tundu, foomu iliyotegemewa kuifanya ielee ndiyo itakayoivuta chini.

Njia ya kujua ni mizani. Eastlands haikosi wauza vyuma chakavu wenye mizani ya kupimia malori. Pima trela na boti, kisha pima trela peke yake, toa uzito wa mashine na tangi, ulinganishe kinachobaki na uzito uliotajwa na mtengenezaji. Tofauti ya kilo 30 ni rangi na vikorokoro. Tofauti ya kilo 150 ni maji.

Pati ya matatu

Hapa lazima niwaguse mafundi wenzangu. Wengi wetu tulijifunza faiba kwenye matatu, na mikono yetu ni mizuri. Lakini kwenye matatu faiba ni nguo. Kwenye boti ni mfupa. Spoila ikipasuka Jogoo Road, matatu inafika kituo cha Ambassadeur na abiria wote.

Pati ya magari, ile tunayosawazishia mabonde kabla ya rangi, isikaribie tumbo la boti. Ina unga ndani yake unaofyonza maji, ikavimba, ikabanduka. Ufa wa boti haujazwi, husagwa. Kanuni ya kazi ni moja kwa kumi na mbili: gamba likiwa na unene wa milimita 6, unasaga mteremko wa milimita 72 kuzunguka jeraha lote, kisha unajenga matabaka ya mkeka yakipanuka hatua kwa hatua. Kwa kiraka juu ya faiba ya zamani, epoksi hushika vizuri zaidi kuliko rezini ya kawaida ya poliesta.

Anayetumia poliesta akumbuke baridi ya Julai yetu. Chini ya nyuzi 15 hivi, rezini hukauka nusunusu, na kuongeza hadna, dawa ya kukaushia, ili "iharakishe" huifanya iwe kavu na yenye kukatika. Subiri jua la adhuhuri au hamia ndani. Vaa kinyago, kwa kuwa vumbi la kioo si la kuvutwa mapafuni, na usiifanye kazi hii kwenye korido ya ploti watoto wakipita.

Mashine, mafuta na cheche

Mashine kuukuu ya kuning'inia ina siri chache, zote zinapimika. Pima mgandamizo wa kila silinda; namba zikitofautiana zaidi ya asilimia 10 au 15, kuna silinda inayokufa. Fungua oili ya gia chini ya mguu: nyeusi ni uzee, nyeupe kama maziwa ni maji yaliyopenya. Ondoa rafadha, yaani propela, utazame nyuma yake, maana uzi wa kuvulia samaki hujizungusha hapo ukakata sili bila kuonekana. Badilisha panka la mpira la pampu ya maji hata kama linaonekana zima, kwa sababu mpira uliokaa miaka sita bila kuzunguka umeshakufa ukiwa umejikunja. Ukiwasha, tazama mkondo mwembamba wa maji unaoruka ubavuni kama mtoto anayekojoa. Ukikosa, zima papo hapo.

Mtego wa wanunuzi wa Nairobi ni mwinuko. Injini hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda. Ziwa Naivasha liko karibu mita 1,890, kwa hiyo mashine ya nguvu za farasi 40 huko hufanya kazi kama ya 32 au 33. Ziwa Victoria, lililo mita 1,134, hasara ni karibu asilimia 11. Rafadha iliyofaa Mombasa itaielemea mashine Naivasha. Itangurumia mzigo bila kuinua omo, ikachemka. Rafadha yenye mkato mdogo huondoa tatizo hilo kwa gharama ndogo kuliko kununua mashine nyingine.

Petroli iliyokaa tangini mwaka mzima itoe yote. Kunja mpira wa mafuta kidoleni: ukionyesha nyufa, ubadilishe mpaka kwenye kile kibofu cha kusukumia. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hauruki, hushuka ukalala ngamani ukisubiri cheche. Kabla ya kuwasha, fungua vifuniko, inama, nusa. Ukisikia petroli, usiguse swichi hata ya taa.

Boti zenye injini ya ndani zinahitaji tahadhari zaidi. Injini yenyewe huenda ni ndugu wa ile ya gari, na stata ya gari iliyonunuliwa Kirinyaga Road itaingia bila shida. Usiitie. Stata ya boti imezibwa ili cheche zake zisitoke. Ya gari haikuzibwa, kwa sababu gari lina upepo chini ya tumbo. Ndani ya boti, cheche hiyo inakutana na mvuke uliolala.

Nyaya zilizong'atwa na panya zisifungwe kwa tepu, zibadilishwe. Fyuzi iwe jirani na betri, na betri ifungwe isiruke. Zungusha usukani toka mwisho mmoja hadi mwingine. Kebo inayokwama imeshika kutu ndani na itakatika siku utakayokata kona kwa kasi. Mwisho, vaa ile kamba ya kuzimia injini, ivute. Mashine isipozima, boti haiondoki. Dereva akirushwa majini bila kamba hiyo, boti hubaki ikizunguka yenyewe, rafadha ikimrudia.

Watu wangapi?

Tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka Mombasa na watu 272 wakafa. Ilikuwa imejaa kupita kiasi. Boti ya futi 16 si feri, lakini hesabu ya mzigo ni ileile, na ndogo hupinduka upesi zaidi.

Kwa boti ndogo isiyozidi futi 20 kuna kanuni rahisi itokayo Marekani: zidisha urefu kwa upana, vyote kwa futi, ugawanye kwa 15. Boti ya futi 16 kwa 6 ni 96, ukigawanya unapata sita na kitu. Ni watu sita, dereva akiwamo, na kila mmoja amekadiriwa kilo 68 hivi. Vijana wa chama walipanga kubeba kumi. Nilipowaonyesha hesabu, mweka hazina akaanza kuhesabu upya nauli, na uso wake ukabadilika.

Jaketi okozi ni moja kwa kila mtu, na za watoto ziwe za watoto. Vuta mikanda kwa nguvu. Kitambaa kilichounguzwa na jua huchanika kama gazeti. Finya foomu: ikibaki imebonyea, itupe. Kizima moto kiwe na mshale kwenye kijani. Tia ndoo ya kufulia maji, makasia mawili, nanga yenye kamba, filimbi, na simu ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Kwa boti ya kubeba abiria, ukaguzi wako hauchukui nafasi ya ule wa serikali. Mamlaka ya usafiri wa majini, KMA, hukagua vyombo na kutoa vyeti, nacho kikosi cha walinzi wa pwani kilichoundwa 2018 kina uwezo wa kukusimamisha. Mkaguzi akifika akute kazi imekwisha.

Siku ya kushua

Trela nayo ni chombo. Tairi huandikwa tarakimu nne za wiki na mwaka. 2316 maana yake ni wiki ya 23 ya 2016, hata kama kashata zake hazijaisha. Fungua beringi utie grisi mpya kabla ya kuteremka na mzigo Mai Mahiu.

Nyumbani, kabla ya safari, mwaga ndoo tatu nne za maji ndani ya boti ikiwa juu ya trela, usizidishe, kisha ulale chini utazame kinachodondoka. Mahali maji yanapotokea ndipo yatakapoingilia.

Ziwani, fika asubuhi. Naivasha huwa tulivu mapema, upepo huamka mchana. Tangu maziwa ya Bonde la Ufa yafurike mwaka 2020, majini kuna miti iliyokufa na nguzo za ua wa zamani, nyingine zikiwa chini kidogo ya uso wa maji. Usiende kasi mahali usipopajua, na uwape viboko nafasi yao. Kaza kizibo. Usicheke; kukisahau ni kosa la kila mwaka. Shua boti, ifunge kwa kamba, ikae nusu saa bila mtu. Chunguza ngama. Kisha dereva mmoja na mwenzake, wakiwa na jaketi, wazunguke karibu na ufuko. Irudisheni juu, fungueni kizibo, mpime maji yanayotoka. Kikombe ni cha kufuatilia. Ndoo ni ya kurudi nayo gereji.

Boti ya wale vijana haikuona Krisimasi ile. Tulikata tezi kwa ndani, tukakwangua mbao iliyokuwa tope, tukaweka plaiwudi mpya na epoksi, tukang'oa foomu iliyolowa, na maboriti mawili yakazaliwa upya. Mweka hazina alinuna wiki nzima. Mwezi Machi tuliishua Karagita asubuhi na mapema, watu sita, na kwenye kizibo kikatoka kikombe kimoja. Chanzo tulikikuta kwenye bolti ya ngazi, tukakaza.

Kwa asiye na boti

Wengi wanaosoma hapa hawatamiliki boti. Lakini kanisa litaandaa safari, au chama, au shule ya mtoto, na utajikuta ufukweni umeshika tiketi. Huwezi kufungua skrubu ya mtu. Unaweza kuhesabu vichwa na jaketi. Unaweza kunusa petroli. Unaweza kutazama ngama kama ina maji kabla hata ya kuondoka. Na dereva anapowasha, geuka nyuma uitazame mashine pale ilipoegemea ukuta. Ikitulia, kaa. Ikitikisa kichwa, nawe tikisa chako, ushuke.